Ushupavu wa Moyo Katika Mashindano

Somo kwa vijana wachezaji, kwa wanafunzi, na kwa walezi wao



Kila Jumapili alasiri, ukipita katika mitaa ya Katuba, Kenya, Ruashi au Kamalondo, utaona jambo lile lile. Kiwanja cha vumbi jekundu. Mawe mawili yamewekwa huku na mawili kule kuwa milango. Na vijana wengi wanaukimbilia mpira mmoja. Wengine wamevaa viatu, wengine hawana. Pembeni wamesimama wazee waliocheza zamani, nao ndio wapigao kelele kuliko wote. Mchezo ukiisha, upande mmoja hurudi nyumbani ukiimba, na upande wa pili hujiendea kimya.

Somo letu la leo ni kwa ajili ya wale wanaojiendea kimya. Maana kushangilia hakuhitaji mwalimu. Kila mtu hukujua tangu utoto. Kushindwa ndiko kunakotaka mafundisho.

Tuseme kijana mmoja wa miaka kumi na sita amepewa kupiga penalti katika dakika ya mwisho ya fainali ya mtaa wao. Amepiga juu ya mlango. Timu imeshindwa. Njiani wenzake hawasemi naye. Usiku hapati usingizi, na asubuhi anamwambia mama yake, “Mama, sitacheza tena.”

Tumjibu nini? Wako watakaomwambia, “Usijali, ni mchezo tu.” Neno hilo ni la huruma, lakini halimfai, kwa kuwa kwake haukuwa mchezo tu. Wako watakaomwambia, “Wewe ni mwoga.” Neno hilo ni la ukali, wala si kweli, kwa kuwa mwoga asingekubali kuupiga mpira ule. Basi, tutafute jibu la tatu, lililo la kweli na lenye kufaa.

I. MAANA YA USHUPAVU

Swali: Ushupavu wa moyo ni nini?

Jibu: Ushupavu wa moyo ni nguvu ya kuendelea na kazi njema iliyo ngumu, siku nyingi, bila kuiacha kwa sababu ya uchovu, hofu au aibu, tena ni nguvu ya kuifanya kazi hiyo sawasawa katika saa ile ambayo watu wote wanatutazama.

Angalieni kwamba jibu hili lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni saburi ya siku nyingi: kuamka, kwenda mazoezini, kurudia jambo lile lile mara mia, hata hapo hakuna anayetuona wala kutusifu. Sehemu ya pili ni utulivu wa saa moja: kuwa na akili timamu wakati filimbi inapolia na uwanja mzima umenyamaza. Wengine wanayo saburi, lakini hawana utulivu. Hao hucheza vizuri mazoezini na kupotea siku ya mashindano. Wengine wanao utulivu, lakini hawana saburi. Hao hung’aa mwaka mmoja, kisha hawasikiki tena. Mshupavu ni yule anayejizoeza katika yote mawili.

Swali: Je, mshupavu haogopi?

Jibu: Huogopa kama watu wote. Lakini anajua hofu yake ni kitu gani, na hairuhusu kuamua badala yake.

Kabla ya mchezo mkubwa moyo hupiga mbio, mikono hutoka jasho, tumbo husokota. Kijana asiyefundishwa hufikiri, “Mwili wangu umenisaliti, nitashindwa.” Sivyo. Mwili unajitayarisha kwa kazi: moyo unapeleka damu miguuni, pumzi inaongezeka, macho yanakuwa makali. Anayeyajua hayo hujiambia, “Mwili wangu uko tayari.” Dalili ni zile zile, lakini mmoja anazipokea kama adui, na mwingine anazipokea kama msaada.

II. HABARI YA TIMU YA MJI WETU

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1939, mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wamonaki Wabenedikto waliokuwa wakiiongoza shule ya Saint-Boniface walianzisha timu ya mpira kwa ajili ya vijana wao. Wakaiita Saint-Georges, kwa jina la msimamizi wa maskauti. Baadaye iliitwa Saint-Paul, kisha Englebert, kwa jina la kampuni ya mipira ya magari. Mwaka 1960, nchi ilipopata uhuru, wamonaki waliacha uongozi wa timu. Leo watu wote wanaijua kwa jina la Tout Puissant Mazembe, na wachezaji wake huitwa Kunguru kwa sababu ya mavazi yao meusi na meupe.

Wengi hukumbuka vikombe vya timu hii tu. Lakini anayetaka kujifunza ushupavu na atazame pia miaka isiyokuwa na vikombe.

Mwaka 1967 Englebert ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa za Afrika. Mwaka 1968 ililitwaa tena, ikawa klabu ya kwanza kulishika kombe hilo mara mbili mfululizo. Kisha ikafika fainali ya mwaka 1969, ikashindwa na Ismaily ya Misri. Ikafika fainali ya mwaka 1970, ikashindwa na Asante Kotoko ya Ghana. Baada ya hayo, miaka ikapita. Mwaka 1980 ilipata kombe la Afrika la washindi wa vikombe vya nchi, lakini lile kombe kubwa halikurudi. Watoto waliozaliwa mwaka 1968 walikua, wakaoa, wakazaa, wakaanza kuota mvi, na kombe bado halijarudi Lubumbashi.

Lilirudi mwaka 2009, yaani baada ya miaka 41. Katika fainali na Heartland ya Nigeria, timu yetu ilishindwa kwanza ugenini huko Owerri, mabao mawili kwa moja. Iliporudi nyumbani ilishinda bao moja kwa bure. Jumla ya mabao ikawa sawa, lakini bao lile moja lililofungwa ugenini likahesabiwa zaidi, na kombe likawa letu. Fikirini jambo hili: bao lililofungwa siku ya kushindwa ndilo lililoleta kombe. Wachezaji wale wangalikata tamaa huko Owerri, wakasema, “Leo tumekwisha kushindwa, ya nini kujisumbua?” wasingalipata kitu. Kwa hiyo, kijana, hata katika siku mbaya cheza mpaka filimbi ya mwisho. Hujui ni jasho lipi litakalohesabiwa.

III. ABU DHABI MARA MBILI

Baada ya ushindi huo, Desemba 2009, timu ilikwenda Abu Dhabi kushindana na klabu bingwa za mabara mengine. Ilishindwa na Pohang Steelers ya Korea Kusini, mawili kwa moja. Ikacheza tena kutafuta nafasi ya tano, ikashindwa na Auckland City ya New Zealand, matatu kwa mawili. Michezo miwili, na yote miwili imepotea.

Mwaka 2010 timu ililitwaa tena kombe la Afrika, ikiifunga Espérance ya Tunis mabao matano kwa bure hapa Lubumbashi, na kutoka sare ya bao moja kwa moja kule Tunis. Basi, Desemba ikarudi Abu Dhabi, mji ule ule wa aibu ya mwaka uliotangulia.

Tena ilirudi bila mshambuliaji wake mashuhuri kuliko wote. Mwaka huo huo, katika mashindano ya Kigali, palitokea ugomvi na mwamuzi, na FIFA ikamfungia Trésor Mputu kwa muda wa mwaka mmoja. Mwenzake Guy Lusadisu akafungiwa pia. Hatulisemi hili ili kumdharau mtu, kwa kuwa Mputu aliipatia nchi yake furaha nyingi. Twalisema kwa sababu ni fundisho kwa wote: hasira ya dakika moja yaweza kula kazi ya miaka. Kumpigia mwamuzi makelele si ushupavu. Ni udhaifu uliovaa nguo za nguvu.

Waliobaki walifanya nini? Tarehe 10 Desemba waliifunga Pachuca ya Meksiko bao moja kwa bure. Tarehe 14 waliifunga Internacional ya Brazil mabao mawili kwa bure, yaliyofungwa na Kabangu na Kaluyituka, huku mlinda lango Robert Kidiaba akizuia mipira mingi, kisha akishangilia kwa mtindo wake wa kurukaruka akiwa ameketi chini. Hivyo klabu ya Afrika ikafika fainali ya mashindano hayo kwa mara ya kwanza. Tarehe 18 Desemba ilishindwa na Inter ya Milano, mabao matatu kwa bure.

Yafaa tuisome habari hii kwa akili. Mwisho wake ni kushindwa. Hata hivyo hakuna mtu wa Lubumbashi anayeikumbuka kwa aibu. Kwa nini? Kwa sababu timu iliyotoka Abu Dhabi mikono mitupu mwaka 2009 ilirudi mwaka 2010 na kusimama mbele ya mabingwa wa Ulaya. Kipimo cha mshupavu ni umbali aliokwenda kutoka pale alipoangukia.

Tena moyo huu haupatikani mara moja ukadumu wenyewe. Mwaka 2015 timu ilitwaa kombe la Afrika kwa mara ya tano, ikiishinda USM Alger nyumbani na ugenini. Mbwana Samatta, kijana wa Tanzania aliyefika hapa mwaka 2011 kutoka Simba ya Dar es Salaam, alifunga katika michezo yote miwili. Lakini Desemba ya mwaka huo huo, huko Japani, timu ilipoteza michezo yake yote miwili ya klabu bingwa za dunia. Ushupavu ni kama shamba: ulilolima mwaka jana hukulimii mwaka huu.

IV. MLINDA LANGO ALIYERUDI

Mwaka 1974 nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika ya kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Mlinda lango wake alikuwa Kazadi Mwamba, aliyetoka katika timu hii ya Lubumbashi. Mwaka 1968 nchi yetu ilipolitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika, alihesabiwa kuwa mchezaji bora wa mashindano.

Tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen huko Ujerumani, Zaire ilicheza na Yugoslavia. Kabla ya dakika ya 20 kuisha, mabao matatu yalikuwa yameingia. Hapo kocha akamtoa Kazadi uwanjani, akamweka mwingine. Mabao hayakukoma: mchezo uliisha tisa kwa bure.

Kwa mlinda lango ni jambo zito sana kutolewa katika dakika za mwanzo, mbele ya dunia nzima. Naye alikuwa na siku nne tu mpaka mchezo uliofuata, ambao ulikuwa na Brazil, mabingwa wa dunia wa mwaka 1970. Tarehe 22 Juni Kazadi alisimama tena katika mlango wa Zaire. Brazil ilifunga mabao matatu, na lile la tatu lilimponyoka. Hakushinda. Lakini alisimama.

Sijaichagua habari hii kwa kuwa ina mwisho mzuri, haina. Nimeichagua kwa sababu wengi wenu hamtapata mwisho mzuri kila mara, na mwaweza kudhani kwamba kurudi kuna maana pale tu mtu anaposhinda. La hasha. Kurudi ni ushindi wa kwanza, nao hauandikwi katika ubao wa mabao. Kijana wetu wa penalti na aambiwe habari za Kazadi.

V. NAMNA YA KUJIZOEZA

Wahenga walisema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ndiyo, lakini mhunzi hana budi kujua namna ya kutengeneza koleo jingine. Hapa nawapa njia tano. Hazihitaji fedha.

Kwanza, tazama kazi iliyo mikononi mwako. Kushinda hakumo mikononi mwako peke yako, kwa maana wako wapinzani, yuko mwamuzi, iko mvua. Mikononi mwako yamo mambo mengine: kufika mazoezini kwa saa, kurudi nyuma kulinda kila mpira unapopotea, kumwita mwenzako kwa jina unapompa mpira. Kabla ya mchezo chagua mambo mawili ya namna hiyo, na baada ya mchezo jihukumu kwa hayo. Anayefikiri juu ya kombe wakati wa kupiga mpira huusahau mpira.

Pili, zoea lililo gumu, si lililo tamu. Mwaka 1993 mtaalamu Anders Ericsson na wenzake waliandika juu ya wapiga fidla waliokuwa wakisoma mjini Berlin. Waliona kwamba waliokuwa bora walikuwa wametumia saa nyingi zaidi peke yao wakirekebisha makosa yao, si kucheza tu kwa kujifurahisha. Mchezaji wa mguu wa kulia na atumie nusu saa kila siku kwa mguu wa kushoto. Haifurahishi, ndiyo maana wachache huifanya.

Tatu, uwe na desturi yako kabla ya jambo kubwa. Kabla ya penalti weka mpira chini mwenyewe, rudi hatua zile zile ulizozizoea, vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi, chagua pembe moja, na usiibadili. Wachunguzi waliotazama penalti nyingi za mashindano makubwa waliona kwamba wanaoukimbilia mpira mara tu filimbi inapolia hukosa zaidi kuliko wanaotulia kidogo. Mwenye hofu hutaka jambo liishe upesi. Mshupavu hukubali kukaa na hofu yake kwa pumzi mbili. Tena wakati wa kupiga usianze kuufundisha mguu wako namna ya kupiga. Ulikwisha kuufundisha mazoezini. Atakaye kuangalia kila nyayo yake ashukapo ngazi hujikwaa.

Nne, tengeneza jibu kabla ya taabu. Sema: “Tukifungwa bao, nitauchukua mpira wavuni, niupeleke katikati bila kusema neno.” “Mwamuzi akinionea, nitamwacha nahodha aseme, nami nitarudi mahali pangu.” “Mtu akinitukana, nitacheka.” Anayesubiri taabu ifike ndipo atafute jibu, hupewa jibu na hasira yake.

Tano, zoeza mwili wako katika uchovu na kelele. Pigeni penalti mwishoni mwa mazoezi, miguu ikiwa mizito, wenzenu wakipiga kelele nyuma ya mlango. Siku ya fainali mtakuta kelele mlizozijua.

VI. JUU YA WANAOSEMA “TUMELOGWA”

Hapa sina budi kusema wazi. Mara nyingi, timu ikishindwa, huinuka mtu na kusema, “Wametuwekea dawa mlangoni.” Kisha hukusanywa fedha, na mganga hupewa zile ambazo zingalinunua mpira au viatu. Nayasema haya juu yetu sote, wala sinyoshei kidole timu yoyote.

Ubaya wa neno hili si upotevu wa fedha peke yake. Ubaya mkubwa ni kwamba linatuibia fundisho la kushindwa. Kama tulifungwa kwa sababu beki wetu wa kushoto alisimama mbali na mshambuliaji, basi wiki ijayo tutarekebisha. Kama tulifungwa kwa sababu ya dawa, hatuna la kurekebisha, na wiki ijayo beki atasimama pale pale. Tena neno hili huvunja undugu, kwa maana baada ya kumtafuta mchawi katika timu ya jirani, watu humtafuta katika timu yao wenyewe, na mara nyingi humwona katika yule aliyekosa penalti. Hivyo kijana aliyekuwa na huzuni moja hupewa ya pili, iliyo nzito mara kumi. Wazee na viongozi wa timu, jambo hili mlikomeshe ninyi, kwa kuwa vijana hulipokea kutoka kwenu.

VII. JUU YA KIASI

Mababu zetu wa Katanga walikuwa wayeyushaji wa shaba tangu karne nyingi kabla tanuru la kwanza la Lubumbashi halijawashwa mwaka 1911. Wahunzi wajua tabia moja ya shaba. Ukiigonga ikiwa baridi, inazidi kuwa ngumu. Hilo ni jema. Lakini ukiendelea kuigonga tu bila kuipumzisha, inapasuka. Mhunzi mwenye akili huirudisha motoni ikalainika, ndipo huigonga tena. Aliyegonga zaidi siye aliyetengeneza chombo kizuri zaidi cha shaba.

Moyo wa mwanadamu ni hivyo hivyo. Wale wapiga fidla wa Berlin waliokuwa bora walijizoeza zaidi, na pia walilala usingizi zaidi kuliko wenzao. Basi, usingizi si uvivu. Chakula si anasa. Mchezaji aliyegongwa kichwa akaona kizunguzungu na atoke uwanjani siku hiyo hiyo, hata kama yeye mwenyewe anakataa; kocha anayemrudisha ndani hamfundishi ushupavu, bali anamhatarisha. Maumivu ya uchovu huvumiliwa. Maumivu ya kifundo kilichovimba hupelekwa kwa daktari. Mwenye kutofautisha haya mawili ni mshupavu; asiyetofautisha ni mkaidi.

Tena iko siku ambapo kuacha ni hekima. Si kila kijana wa Katuba atacheza Ulaya. Wengi sana hawatacheza. Kuwaficha jambo hili si kuwapenda. Kwa hiyo msiache masomo kwa ajili ya mpira. Anayeacha mpira ili ashike kazi aliyoifikiri kwa utulivu hakushindwa. Lakini mtu asiamue usiku ule wa kushindwa. Na angoje siku kumi na nne, ale, alale, azungumze na mzee anayempenda, ndipo aamue.

VIII. SI UWANJANI TU

Wasichana wetu wamekwisha kutufundisha kwamba somo hili si la wavulana peke yao: mwaka 2024 timu ya wanawake ya Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika huko Moroko, ikiifunga AS FAR, klabu ya nchi hiyo hiyo, bao moja kwa bure. Wala si la wachezaji peke yao. Mwanafunzi anayengoja mtihani wa serikali anazo mikono zile zile za jasho. Na ajizoeze vivyo hivyo: afanye maswali magumu kwanza, ajiwekee saa kama siku yenyewe ya mtihani, avute pumzi polepole kabla ya kufungua karatasi, alale usiku wa kuamkia mtihani. Mama anayerudi sokoni baada ya kuibiwa bidhaa zake zote, naye anaujua ushupavu, ingawa hakuna anayempigia makofi.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Mama yake na amwambie hivi: “Mwanangu, nimesikia. Imekuuma kwa sababu uliipenda, na si aibu kupenda kitu. Leo kula, ulale. Siku nyingine utaniambia kama unataka kuacha. Lakini Jumamosi hii twende uwanjani mimi na wewe, hakuna watu, ukapige penalti kumi. Mimi nitakuokotea mpira.” Nadhani maneno hayo, na mipira hiyo kumi, yatafaa kuliko hotuba nyingi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Ushupavu una sehemu mbili: saburi ya siku nyingi na utulivu wa saa moja.
2. Mshupavu huogopa, lakini hofu haiamui badala yake.
3. Kurudi baada ya kuanguka ni ushindi wa kwanza.
4. Asemaye “tumelogwa” hajifunzi kitu.
5. Shaba isiyopumzishwa hupasuka.

MASWALI

1. Taja michezo miwili iliyopotea mwaka 2009 huko Abu Dhabi. Timu ilifika wapi mwaka uliofuata katika mji ule ule?
2. Kwa nini bao la ugenini la Owerri lilikuwa na thamani, hata kama siku hiyo timu ilishindwa?
3. Eleza tofauti ya ushupavu na ukaidi, ukitoa mfano mmoja kutoka mtaani kwenu.
4. Je, uliwahi kumlaumu mwenzako kwa kushindwa kwenu? Ungemwambia nini leo?

ZOEZI LA WIKI HII

Chagua jambo moja gumu katika mchezo wako au masomo yako. Lifanye nusu saa kila siku, siku sita. Siku ya saba pumzika. Kila jioni andika katika daftari mstari mmoja tu: nimefanya, au sikufanya. Ukikosa siku moja, usilirarue daftari. Anza tena kesho yake asubuhi.